Tathmini: Matembezi ya Siku Nzima Kutoka Shamba Lililoachwa Hadi Msitu Mkongwe, Amani, Muheza

Huduma ninayoitathmini ni matembezi ya miguu ya siku nzima yanayoongozwa na kikundi cha wenyeji wanaoishi kandokando ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Wageni wengi wanaopanda milima ya Usambara Mashariki huomba kuonyeshwa vinyonga, ndege au maporomoko ya maji, na kikundi hiki huwapeleka huko bila shida. Matembezi ninayoyazungumzia ni mengine. Huanzia kwenye shamba lililoachwa, hupita katika vichaka na misitu michanga, na huishia chini ya miti mikubwa ambayo hakuna aliye hai aliyeiona ikiwa miche. Lengo lake ni kumwonyesha mtu jinsi mimea inavyorithishana ardhi, kundi moja likiondoka na jingine likishika nafasi yake. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari mjini Tanga, na mfuatano wa uoto ni miongoni mwa mada ambazo wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakazisahau mara tu karatasi zinapokusanywa. Nilikwenda kuangalia kama Amani panafaa kuwapeleka. Panafaa sana, ingawa yapo mambo ambayo kikundi kinapaswa kuyarekebisha.

Ugumu wa somo lenyewe ni muda. Shamba likiachwa leo, majani yatalifunika katika msimu mmoja, vichaka vitachukua miaka michache, miti ya mwanzo itahitaji muongo mmoja au miwili, na msitu wenye miti mikubwa ya kivuli hauji ila baada ya vizazi kadhaa vya binadamu. Kwa kuwa hakuna awezaye kukaa akingoja, wataalamu tangu mwishoni mwa karne ya 19 wamekuwa wakitembea badala ya kungoja. Mmarekani Henry Cowles, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1899, alianzia ukingoni mwa Ziwa Michigan na kuelekea bara, akivuka matuta ya mchanga ambayo yalizidi kuwa ya zamani kadiri alivyoliacha ziwa nyuma yake, akaona mchanga mtupu ukifuatwa na majani, majani yakifuatwa na vichaka, na vichaka vikifuatwa na misitu. Matembezi ya Amani yamejengwa juu ya wazo hilohilo: kwa siku moja unapita katika viwanja vya umri mbalimbali na kuvipanga kichwani kana kwamba ni kiwanja kimoja kinachozeeka mbele ya macho yako.

Njia hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo vitabu vya shule havilitaji. Viwanja vinavyolinganishwa lazima viwe vimepitia mambo yaleyale, vitofautiane umri tu. Kama kimoja kilichomwa moto, kingine kikalimwa iliki na cha tatu kikakatwa magogo, basi unacholinganisha si hatua za safari moja bali safari tatu tofauti, na uoto wenyewe haukwambii hivyo. Ni lazima awepo mtu anayejua. Hapo ndipo huduma hii inapokipita kitabu chochote nilichowahi kufundishia, kwa sababu mzee aliyetuongoza amezaliwa pale, na karibu kila mahali tuliposimama alijua nani alilima, alilima nini, na kwa nini aliacha.

Kituo cha kwanza kilikuwa shamba la mhogo lililoachwa miaka michache iliyopita, mteremkoni juu ya kijiji. Kwa macho ya haraka hakuna cha kutazama: kangaga zimeenea kila upande, lantana imeshika kingo, na katikati yake kuna klidemia, kile kichaka cha kigeni chenye majani yenye vinywele na matunda meusi ya samawati, ambacho sasa kimeenea sana katika Usambara Mashariki. Mwenzetu mmoja aliuliza, “Shikamoo mzee, samahani, hapa kuna nini cha kujifunza?” Mzee akaitikia, “Marahaba, mwanangu. Ardhi hii ilikataa mhogo kabla sijaiacha mimi.” Kisha akaeleza, kwa lugha ya mkulima, jambo ambalo mimi hulifundisha kwa lugha ya kemia: kwamba udongo wa milima hii, unaonyeshewa karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, umeoshwa virutubisho vyake na una asidi, na kwamba rutuba yote iliyoonekana wakati msitu ulipofyekwa ilikuwa katika majani yaliyooza juujuu. Msitu ukiondoka, rutuba nayo huondoka baada ya mavuno machache. Kangaga huvumilia udongo wa namna hiyo, na vijimbegu vyake ni vumbi linalopeperushwa mbali na upepo, ndiyo maana hutangulia mahali pengi palipoharibiwa. Mwaka 1886, miaka mitatu tu baada ya volkano ya Krakatau nchini Indonesia kuteketeza uoto wa kisiwa hicho, mtaalamu Melchior Treub alizikuta kangaga ndizo zilizotawala. Tofauti ni kwamba Krakatau ilianza na majivu na mawe matupu, ilhali shamba la Amani linaanza na udongo uliobaki, mizizi iliyobaki na akiba ya mbegu zilizolala ardhini. Ndiyo sababu hapa mambo huenda haraka zaidi.

Kituo cha pili ni msitu mchanga, na hapa sitakaa sana, kwa kuwa ndicho kituo ambacho hata mwongozaji wa kawaida angekieleza vizuri. Kuna mpesi, kuna harungana ambayo jani lake likivunjwa hutoa utomvu wa rangi ya machungwa, kuna makaranga wenye majani mapana, na kuna mshai, ambao mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewa na kuiacha udongoni. Miti hii hutaka jua. Mbegu zao ni ndogo na nyingi, hubebwa na ndege au hulala ardhini zikingoja mwanga, na zikishaota hukua kwa kasi ya ajabu. Jambo moja ambalo mzee alilionyesha na ambalo sijaona likisisitizwa inavyostahili ni kwamba chini ya mpesi hapakuwa na mche hata mmoja wa mpesi. Kivuli unachokiumba mti huo kinawanyima watoto wake wenyewe nafasi ya kuishi, na papo hapo kinawapa nafasi wale wa miti mingine inayoweza kuvumilia giza. Wanafunzi wangu huandika kwamba mimea ya mwanzo “huandaa mazingira” kwa ile inayofuata, na sentensi hiyo hupata alama zake, lakini nadhani hakuna aliyewahi kuitafakari hadi ainame na kutafuta mche usiokuwepo.

Kituo cha tatu ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Tuliingia mahali palipoonekana kuwa msitu kamili. Juu, matawi yalikutana. Mashina yalikuwa manene. Kulikuwa na ubaridi na unyevunyevu wa msituni. Mzee akatuacha tusimame tukistaajabu, kisha akauliza, “Mnaona nini hapa chini?” Tukatazama. Chini hapakuwa na kitu isipokuwa iliki zilizodhoofika, magugu machache, na ardhi wazi. Akatueleza kwamba iliki haipendi jua kali, kwa hiyo mkulima wa iliki katika milima hii hakuwa na haja ya kuangusha miti mikubwa. Alifyeka tu yote yaliyo chini: vichaka, miti midogo, na kila mche wa mti mkubwa uliokuwa ukingoja zamu yake. Akalima hivyo kwa miaka, hadi mavuno yaliposhuka, akahamia kwingine. Anayeutazama msitu huo kutoka mbali au kutoka angani ataona paa zima la kijani na kuuhesabu kuwa ni msitu mkongwe, kumbe ni wazee bila watoto wala wajukuu. Siku mti mmojawapo utakapoanguka, hakuna mrithi aliye tayari chini yake, na pengo hilo litachukuliwa na yeyote atakayefika kwanza.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko pengine popote. Katika vitabu, uharibifu unaoanzisha mfuatano mpya huwa ni tukio kubwa linaloonekana, kama vile moto, mafuriko, volkano au shoka. Iliki ilifanya kinyume: iliacha kila kinachoonekana na kuondoa kila kinachokuja. Mchoro wa kawaida wa kitabuni, wenye mstari unaopanda kutoka majani hadi miti mikubwa, hauna mahali pa kukiweka kiwanja hicho, kwa kuwa kwa urefu wa miti kipo mwisho wa mstari, na kwa miche kipo karibu na mwanzo. Laiti tusingekuwa na mtu aliyeijua iliki hiyo na aliyeilima, tungepita tukisema tumeuona msitu wa asili.

Na huyo anayefika kwanza ndiye mada ya kituo cha nne. Ni mti ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na kwa Tanzania hupatikana kiasili upande wa Ziwa Victoria. Uliletwa Amani wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao mwaka 1902 walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia na kupanda kwa majaribio mimea kutoka pembe nyingi za dunia. Kwa miongo mingi mti huo haukuleta wasiwasi. Mambo yalibadilika pale magogo yalipovunwa kwa wingi katika misitu ya jirani, uvunaji ulioendelea hadi miaka ya 1980, kwa sababu kila gogo lililoburutwa liliacha pengo lenye mwanga, na Maesopsis hutaka mwanga. Matunda yake hupendwa na hondohondo, ambao huyameza, huruka mwendo mrefu juu ya msitu na kuziacha mbegu mbali na mti mama. Mti mgeni, pengo la mashine na ndege mwenyeji: mambo hayo matatu yalipokutana, mfuatano wa uoto wa Amani ulipinda kutoka njia yake ya zamani.

Mzee hakuuzungumzia mti huo kwa chuki, na nilimheshimu kwa hilo. Alikiri kwamba mbao zake zimejenga nyumba nyingi na kwamba hukua upesi mahali ambapo miti ya asili inasuasua. Alikwangua ardhi kwa mkono chini ya Maesopsis, akatuonyesha jinsi tabaka la majani makavu lilivyo jembamba, kisha baadaye, ndani ya msitu wa zamani, akakwangua tena ili tulinganishe unene. Wataalamu nao wamebishana kuhusu mti huu kwa miongo kadhaa. Wapo walioonya kwamba utaumeza msitu wote wa asili, na wapo walioona miche ya miti ya asili ikichipua chini yake na kusema kwamba huenda siku moja ikaushinda, kwani miche ya Maesopsis yenyewe haistawi katika kivuli kizito. Maoni yangu ni kwamba jibu linategemea kilichobaki jirani. Palipo na msitu mkongwe karibu, wa kuleta mbegu, miti ya asili ina nafasi ya kurudi. Palipozungukwa na chai na mashamba, nafasi hiyo ni finyu, hata kama Maesopsis asingekuwepo.

Msitu mkongwe, kituo cha mwisho, ni mzuri kupita maelezo. Tulioneshwa mtambara, mnyasa na msambu, na chini yao miche ya jamii hizohizo, mingine yenye urefu wa goti tu ingawa, kwa maelezo ya mzee, imekuwa hapo miaka mingi. Asilimia moja au mbili tu ya mwanga wa jua hufika sakafuni mwa msitu wa namna hii, na miche hiyo huishi kwa mwanga huo ikisubiri mkubwa aanguke. Msambu una matunda makubwa na mazito yasiyomezwa na ndege yeyote. Huanguka, na mbegu zake zenye mafuta, ambazo wanakijiji huziokota na kuziuza, hubebwa na kufukiwa na panya buku. Hapo tofauti kati ya mti wa mwanzo na mti wa mwisho haihitaji ufafanuzi tena: mmoja husafiri juu ya msitu na hondohondo, mwingine huenda hatua chache kutoka kwa mama yake na kuanza kungoja. Pembeni mwa kijito, juu ya mwamba wenye kuvumwani, tuliliona lile ua la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ambalo leo hupandwa vyunguni madirishani katika nchi nyingi kwa jina la Saintpaulia. Nyumbani kwake huota juu ya mawe yenye kivuli na unyevu, na kivuli kikifyekwa hukauka.

Hapa nina neno la kusahihisha. Mzee, pamoja na umahiri wake wote, aliuita msitu huu “msitu uliokwisha kukamilika,” kana kwamba baada ya hapo hakuna kitakachobadilika. Hilo ndilo wazo alilolieneza Frederic Clements katika kitabu chake cha mwaka 1916, kwamba kila eneo lina uoto wake wa mwisho ulioamriwa na hali ya hewa, na kwamba uoto hukua kuelekea huko. Mwenzake Mmarekani, Henry Gleason, alimpinga waziwazi mwaka 1926, akisema kwamba kila aina ya mmea hufuata uwezo wake wenyewe na bahati ya mbegu zake, na kinachoonekana kama jumuiya ni mkusanyiko wa waliokutana mahali pamoja. Vituo viwili tulivyotoka kuviona, cha iliki na cha Maesopsis, vinamuunga mkono Gleason zaidi. Hata ndani ya msitu mkongwe tulilipita pengo la mti ulioanguka, na humo mpesi walikuwa wameshaota. Msitu huo ni viraka vya umri tofauti vinavyobadilishana daima, na ningependa kikundi kiwafundishe waongozaji wake kusema hivyo, hasa mbele ya wanafunzi.

Sasa kuhusu huduma yenyewe. Bei ya mwongozaji ni ya haki kwa siku nzima ya kazi, na kiingilio cha hifadhi hulipwa kando kwa utaratibu wa serikali, raia wakilipa kidogo kuliko wageni wa nje. Chakula cha mchana, wali na maharage na ndizi, kililetwa kikiwa bado cha moto. Njia ni za utelezi mahali kadhaa, na viatu vya wazi havifai.

Kasoro kubwa ni matembezi ya nusu siku, ambayo kikundi huyatangaza kuwa ni yaleyale kwa ufupi. Si yaleyale. Ili kuokoa muda, gari huwashusha wageni msitu mkongwe kwanza, kisha hurudi nao chini kuelekea mashambani, na kituo cha iliki hurukwa kabisa kwa kuwa kiko mbali na barabara. Ukitembea kwa mpangilio huo unauona uharibifu tu, msitu ukipungua hadi kuwa kangaga, na huoni kujijenga upya, jambo ambalo ndilo kiini cha somo. Nilizungumza na walimu waliokuja na wanafunzi wao kwa nusu siku, na walichokumbuka ni kwamba “watu wanaharibu misitu.” Ni kweli, lakini hawakuhitaji kusafiri hadi Amani kuambiwa hilo.

Kasoro ya pili ni kwamba hakuna kilichoandikwa. Elimu yote ya historia ya viwanja imo kichwani mwa wazee wachache. Mwongozaji kijana tuliyepewa kwa sehemu ya asubuhi alijua majina ya miti kwa Kisambaa na kwa Kilatini, na alikuwa na adabu na bidii, lakini alipoulizwa kiwanja cha pili kiliachwa lini, alimwangalia mzee. Nilimwomba mwenyekiti wa kikundi waweke nguzo ndogo katika kila kiwanja, yenye mwaka kilipoachwa na zao lililolimwa, na wapige picha kutoka kwenye nguzo hiyo kila mwaka baada ya masika. Gharama yake ni ndogo, na baada ya miaka kumi watakuwa na kitu ambacho shule na vyuo vingi vitakihitaji: kiwanja kimoja kinachoonekana kikibadilika, bila kulazimika kukibahatisha kwa kukilinganisha na kiwanja cha jirani. Alisema watalijadili.

Kwa anayetoka Tanga mjini, ni vyema kulala Amani usiku wa kuamkia matembezi, kwa kuwa barabara kutoka Muheza kupitia Sigi hupanda hadi karibu mita 900 na wakati wa masika huchelewesha sana magari. Mnapoweka nafasi, taja waziwazi kwamba mnataka siku nzima, kuanzia shambani, na kituo cha iliki kikiwemo. Omba kundi lisizidi watu kumi, maana kwenye vijia vyembamba wa nyuma hawasikii. Na omba mmoja wa wazee awepo tangu asubuhi, hata kama kijana ndiye atakayeshika usemaji.